Budha aliamka, Magharibi wanatafuta usingizi

Mhariri,

Tunaomba nafasi katika gazeti lako tuchangie makala ya Jumapili iliyopita, ile iliyouliza kama "nuru ya Budha" ina kazi yoyote katika Ulaya na Marekani ya leo. Mwandishi, ambaye kalamu yake tunaiheshimu, alijibu kuwa haina. Ni mtindo tu kama mitindo ya nywele, utapita. Nusu ya jibu lake ni kweli. Nusu nyingine imepotezwa na neno moja, nasi tutaanzia hapo.

Neno lenyewe ni bodhi. Shina lake, budh, lina maana ya kuamka, na Budha ni "aliyeamka". Hakuna taa humo. Nuru iliingizwa na wafasiri wa Kiingereza wa karne ya 19, ambao masikioni mwao lilikuwa bado linalia neno la kwao wenyewe, lile la zama walizoziita za mwangaza (Enlightenment), pale mwanafalsafa Mjerumani Immanuel Kant alipoandika mwaka 1784 kwamba mtu athubutu kutumia akili yake mwenyewe. Hayo ni mambo mawili yasiyo na undugu. Kant anamwambia mtu: jiamini, akili unayo. Budha anamuuliza: huyo anayejiamini ni nani hasa, na mbona kila ukimtafuta humkuti alivyokuwa dakika mbili zilizopita? Hata lile lengo la mwisho, nirvana, halihusu kuwasha bali kuzima. Maana yake ni kuzimika, kama koroboi iliyoishiwa mafuta. Na kinachozimika si mtu. Ni mioto mitatu: tamaa, chuki na ujinga.

Kwa hiyo mtu wa London anayelipia programu ya simu imsaidie kupata usingizi, kisha akasema yuko katika njia ya Budha, ameshika kinyume kabisa cha neno lenyewe. Hapo tunakubaliana na mwandishi wenu.

Tusipokubaliana ni pale alipozungumza kana kwamba Ubudha wa Magharibi ni Wazungu na mikeka yao ya taamuli tu, yaani ya kukaa kimya na kutazama pumzi. Mwaka 1893, Wajerumani walipokuwa wanaanza kutandika reli hapa Tanga kuelekea Muheza, huko Chicago lilikutana Bunge la Dini za Dunia, na Wabudha wawili, Anagarika Dharmapala wa Ceylon (Sri Lanka ya leo) na Soyen Shaku wa Japani, wakawasilisha fundisho lao kwa Wamarekani. Mwaka 1899 wahubiri wa madhehebu ya Jodo Shinshu walitua San Francisco kuwahudumia wahamiaji wa Kijapani. Hao ibada yao kuu ni kulitaja jina la Budha Amida, si kukaa kimya na kutazama pumzi. Leo Wabudha ni kama asilimia 1 ya watu wazima wa Marekani, na sehemu kubwa yao wana asili ya Asia: wanapeleka chakula hekaluni, wanazika wazee wao, na mkeka wa taamuli wengine hawaujui.

Tena taamuli yenyewe, ya raia wa kawaida kukusanyika kwa mamia wakitazama pumzi, ni changa kuliko reli yetu. Kwa karne nyingi ilikuwa kazi ya watawa, na si watawa wote. Iliyoitoa nje ni Burma (Myanmar ya leo), baada ya Waingereza kuuteka mji wa Mandalay mwaka 1885 na kumwondoa mfalme aliyekuwa mlinzi wa dini. Mtawa Ledi Sayadaw aliona kwamba dini isipobebwa na raia itakufa, akaanza kuwafundisha raia. Mahasi Sayadaw akaja kufundisha halaiki Rangoon kuanzia 1949, na mfanyabiashara S. N. Goenka akaanza kozi zake India mwaka 1969. Vijana wa Kimarekani waliokuwa wakizunguka Asia miaka hiyo walijifunzia huko, na watatu kati yao, Joseph Goldstein, Sharon Salzberg na Jack Kornfield, wakaanzisha kituo cha Barre, Massachusetts, katikati ya miaka ya 1970.

Kisha ikaja hospitali. Mwaka 1979, katika hospitali ya Chuo Kikuu cha Massachusetts mjini Worcester, Jon Kabat-Zinn aliwachukua wagonjwa wa maumivu sugu, wale ambao dawa zilikuwa zimeshindwa kuwatuliza, akawatengenezea kozi ya majuma 8. Kipimo chake kinajulikana: darasa moja kwa juma la saa mbili na nusu, mazoezi ya nyumbani dakika 45 kwa siku, siku sita kwa juma, na siku moja nzima ya ukimya kuelekea mwisho. Somo la kwanza ni zabibu kavu moja, ishikwe, itazamwe, inuswe, itafunwe polepole. Halafu mwili unapitiwa kwa akili kutoka vidole vya miguu hadi utosini. Budha hatajwi. Kozi iliyotokana na hiyo, iliyoundwa na Zindel Segal, Mark Williams na John Teasdale, ilipendekezwa mwaka 2004 na taasisi inayoishauri huduma ya afya ya Uingereza kuhusu tiba, kwa watu waliokwisha kuugua sonona mara tatu au zaidi, ili isiwarudie.

Hiyo ni tiba. Ina kipimo, ina mlengwa, ina mwisho. Wanaoidharau kwa sababu haina uvumba hawamtendei haki mgonjwa. Lakini tiba ikitolewa kwa kila mtu huonyesha mipaka yake haraka: Uingereza walifundisha uzingativu, yaani kuiweka akili kwenye kinachotokea sasa hivi, kwa watoto wa shule, katika jaribio lililohusisha wanafunzi zaidi ya 8,000, na matokeo yaliyotolewa mwaka 2022 hayakuonyesha kwamba waliwazidi wenzao wa masomo ya kawaida. Sababu moja si ya ajabu: wengi wao hawakufanya mazoezi ya nyumbani. Dawa iliyobaki kwenye chupa haimtibu mtu.

Tukirudi kwenye njia yenyewe ya Budha, ina sehemu 8: mtazamo, nia, kauli, kitendo, riziki, juhudi, uzingativu na utulivu wa akili, kila moja ikifuatiwa na neno "sahihi". Mbili za kwanza huitwa fungu la hekima, tatu za katikati fungu la mwenendo, tatu za mwisho fungu la malezi ya akili. Magharibi walichomoa ya saba, uzingativu, wakaziacha zile saba nyingine. Mvuvi wa Sahare hahitaji kuelezwa kinachofuata. Ngalawa ikikatwa matengo yake ya ubavuni, tanga lile lile lililokuwa likiisukuma ndilo litakaloipindua.

Mwenendo ndio matengo, na sababu yake ni ya kiufundi, wala si mahubiri. Maandiko ya Kipali, lugha ya kale ya Ubudha, yanaupanga mfululizo hivi: mwenendo mwema huzaa kutokujuta, kutokujuta huzaa furaha, furaha hutuliza mwili, na mwili uliotulia ndio unaoiwezesha akili kukaa mahali pamoja. Aliyedanganya asubuhi akikaa jioni kutazama pumzi, hatakutana na pumzi. Atakutana na uongo wake, na juma zima litaishia hapo. Ndiyo maana kozi makini huanza kwa ahadi tano kabla ya mtu kufundishwa chochote: kutoua, kutoiba, kutozini, kutosema uongo, kutotumia vileo.

Sehemu ya tano, riziki, ndiyo inayoachwa upesi kuliko zote. Mlei amekatazwa biashara tano: silaha, viumbe hai wakiwemo binadamu, nyama, vileo na sumu. (Wauza nyama wa Mgandini watusamehe, hatukuandika sisi.) Sasa tazama inavyokuwa uzingativu ukitolewa peke yake: jeshi la Marekani limejaribu kuwafundisha askari kabla ya kwenda vitani, na kampuni kubwa zinawafundisha wafanyakazi wavumilie kazi ambayo hakuna anayeuliza kama ni ya halali. Akili iliyotulia na kunolewa itakuwa imetulia na kunolewa katika lolote inalolifanya.

Je, kuna kilichobaki chenye maana kwa watu wa huko? Kipo, na mwandishi wenu alikipita bila kukiona, kwa sababu alikuwa anatafuta nuru. Kiko katika Kweli ya pili kati ya zile Kweli Nne zilizo msingi wa mafundisho ya Budha.

Kweli hiyo inasema dhiki hutokana na tanha, neno ambalo maana yake halisi ni kiu. Kuilaumu tamaa kila dini hufanya. Fundisho hili huipasua tamaa vipande na kuonyesha inavyozaliwa. Kwanza ni mguso: jicho, sikio au ngozi imekutana na kitu. Mguso huzaa hisia, nayo ni ya aina tatu tu, tamu, chungu, au isiyo tamu wala chungu. Hisia huzaa kiu: hii izidi, ile iondoke. Kiu huzaa kung'ang'ania. Na kung'ang'ania kukikomaa, pameshazaliwa mtu mpya, "mimi ninayetaka hiki". Yote hayo ni kufumba na kufumbua.

Chukua simu ya mtu wa London, au ya mtu wa Barabara ya 12 pale Ngamiani. Inatetemeka. Huo ni mguso. Utamu mdogo, pengine kuna mtu ameipenda picha yangu. Kiu. Mkono umeshafika mfukoni kabla mwenyewe hajaamua lolote. Waliotengeneza programu hizo hawakuhitaji kusoma Kipali, lakini riziki yao iko katika pengo hilo hilo lililo kati ya hisia na kiu. Wao wanalifinya lisionekane. Anayefanya taamuli analipanua mpaka aweze kusimama ndani yake, aione hisia tamu ikiwa hisia tamu tu, ikija, ikikaa kidogo, ikiondoka, bila mkono kwenda popote. Ustadi huo unafundishika, na hauna haja ya imani yoyote kuhusu Asia.

Jamii ambayo uchumi wake unasimama kwa mtu kutaka zaidi kesho kuliko alivyotaka leo haiwezi kulipenda fundisho hilo likiwa zima. Inaweza kulinunua vipande, na ndivyo inavyofanya.

Kuhusu kuzaliwa upya, ambako wengi wa Magharibi wanakuruka, na wengine kama Stephen Batchelor wa Uingereza wanasema wazi kwamba njia inafuatika bila huko, hatutasema mengi. Wabudha wa Sri Lanka au Thailand hawatakubali, na wana hoja, maana hata ngazi za kuamka zimepimwa kwa idadi ya maisha.

Ngazi hizo ni nne, na zinahesabiwa kwa pingu kumi zinazomfunga mtu. Wa kwanza, aliyeingia mkondoni, amekata tatu: imani kwamba kuna nafsi ya kudumu, shaka juu ya njia, na kudhani kwamba taratibu na nadhiri peke yake zitamwokoa. Anabakiwa na maisha yasiyozidi 7. Wa pili amezidhoofisha tamaa ya mwili na chuki, hajazikata. Wa tatu amezikata. Wa nne anakata tano za mwisho: kutamani kuwepo kwenye umbo, kutamani kuwepo bila umbo, kiburi, wasiwasi na ujinga. Angalia kiburi kilivyowekwa. Mtu aliyebakiza ngazi moja tu bado anacho.

Kwa hiyo anayejitangaza kwamba ameamka, tena kwa bei, amejifungulia kesi. Mtawa wa Theravada, madhehebu ya Sri Lanka, Thailand na Burma, ana kanuni 227. Nne za kwanza humfukuza utawani siku hiyo hiyo: ngono, wizi, kuua binadamu, na kudai kwa uongo daraja la kiroho asilo nalo. Na hata kama analo kweli, kumtangazia mlei ni kosa, dogo lakini kosa. Huko Marekani na Ulaya kanuni hiyo iliachwa bandarini, na tangu miaka ya 1980 walimu kadhaa wenye majina makubwa, wa Zen (madhehebu ya taamuli yaliyotoka Japani) na wa Kitibeti, wameanguka kwa kashfa za ngono na fedha huku wanafunzi wakiamini kwamba mwalimu aliyeamka hakosei.

Tuje nyumbani, maana hatukuandika haya kwa ajili ya London tu. Wageni wanaofika Tanga, Pangani na Ushongo wanauliza mahali pa taamuli, na vijana wetu wa hoteli na nyumba za wageni wanaulizwa wakabaki kutabasamu. Ni vema wajue wanachoombwa.

Mgeni anayetaka dakika 20 asubuhi hana shida. Anahitaji kivuli, feni au upepo, chandarua kama ni alfajiri, na mto mgumu wa kuinua makalio ili magoti yaguse chini. Akikaa magoti yakining'inia, kiuno kitauma na miguu itakufa ganzi. Njia ya mwanzo ni kuhesabu pumzi zinazotoka, 1 hadi 10, kisha kurudi 1. Akipotea, anarudi 1 bila kujigombeza. Makosa ni yale yale kila mahali. Wengi huivuta pumzi kwa nguvu badala ya kuiacha iende, wakapata kizunguzungu. Wengine wakionja utulivu siku moja hukaa mwezi mzima wakiusaka ule ule, na kuusaka huko ndiyo kiu yenyewe imebadilisha nguo. Na katika joto letu, baada ya wali wa nazi, atasinzia. Usingizi huo una orodha yake ya kale, aliyopewa Moggallana, mwanafunzi wa Budha: badili unachokifikiria, kumbuka somo, likariri, vuta masikio yote mawili na usugue viungo, simama unawe macho, tazama nyota, ujaze akili fikra ya mwanga, tembea huku na huku. Vyote vikishindwa, lala. Kwa ubavu wa kulia.

Anayetaka siku 10 ni habari nyingine. Kozi za aina ya yule Goenka wa India huamsha watu saa 10 alfajiri na kuwalaza baada ya saa 3 usiku, na kati ya hapo kuna kama saa 10 za kukaa. Chakula cha mwisho ni saa 5 asubuhi, na wanaohudhuria kwa mara ya kwanza hupata chai na matunda saa 11 jioni. Siku tatu za kwanza ni pumzi puani tu, siku ya nne ndipo mwili unaanza kupitiwa, na ukimya haufunguliwi hadi siku ya kumi. Msomaji wa hapa asiharakishe kuilinganisha na itikafu ya kumi la mwisho la Ramadhani. Siku ni kumi kote kuwili, lakini mkaa itikafu ana Kurani, ana sala tano, ana Mola wa kumlilia, na jirani humsalimia. Wa kozi hana kitabu, hana kalamu, hana simu, hana wa kumwomba. Ana mwili wake, na saa kumi za kuutazama.

Wengi humaliza salama. Wengine hawamalizi salama. Willoughby Britton wa Chuo Kikuu cha Brown na wenzake walichapisha mwaka 2017 utafiti wa mahojiano na Wabudha wa Magharibi waliopata matatizo: hofu kali, kukosa usingizi, kuhisi mwili si wao, mengine yakidumu miezi au miaka, na miongoni mwao walikuwamo walimu. Hilo si jipya. Buddhaghosa, mfafanuzi wa maandiko aliyeandika Ceylon katika karne ya 5, anaitaja hatua ambayo kila kitu humtokea mtazamaji kama kitu cha kutisha. Tofauti ni kwamba wa zamani alipitia hapo akiwa na mwalimu jirani na miaka ya mwenendo nyuma yake. Wa leo anapitia hapo siku ya saba, na Jumatatu anarudi ofisini.

Basi mwenye nyumba ya wageni atakayekodisha ukumbi kwa kozi kama hiyo amuulize mwalimu kama amewachuja watu waliowahi kuugua akili au waliopata msiba mzito karibuni, nani atakesha usiku, na nani anaruhusiwa kumwambia mtu aache. Akijitokeza anayejiita mtawa wa Theravada, atambue kwamba mtawa huyo hali baada ya adhuhuri, hashiki fedha wala hampi mwanamke mkono. Anayedai amana ya dola mkononi ni mtu mwingine. Dar es Salaam kuna hekalu lenye asili ya Sri Lanka, wanaweza kuulizwa.

Na ikitokea mgeni hajalala usiku wa pili mfululizo, anasema haraka haraka, au anasema mikono yake haijui ni ya nani, asiambiwe "endelea kukaa, itapita". Taamuli isimamishwe hapo hapo. Apewe chakula kizito, samaki na ugali, si matunda. Atembezwe mchana kwenye watu, aongeleshwe mambo ya kawaida, asiachwe chumbani peke yake. Kukipambazuka tena bila usingizi apelekwe hospitali ya Bombo, na waelezwe alichokuwa akifanya na kwa saa ngapi kwa siku, maana daktari asipoambiwa atatafuta malaria. Hospitali ya Lutindi, kule milimani Korogwe, wapo waliozoea magonjwa ya akili tangu enzi za Wajerumani.

Ni sisi wasomaji wenu,
Chumbageni, Tanga